Kompyuta ya Mtumba na Kumbukumbu za Ilongero

Upo uongo mmoja tulioukubali bila kuuhoji, nao husemwa kwa upole mkubwa katika semina, katika maandiko ya miradi na hata katika kumbi zetu za mihadhara: kwamba kuhariri video ni kazi ya wenye nacho. Eti kwanza ipatikane studio, kisha mashine ya mamilioni, kisha programu ya kulipiwa kila mwezi, ndipo kijana wa kijijini aanze. Nauita uongo kwa sababu waliokwisha kuukanusha kwa vitendo wako jirani nasi, na kwa sababu wanaousema si wao wanaolipa gharama yake.

Chukua Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida. Ni nchi ya Wanyaturu, ya alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Mavuno yakiisha harusi hufuatana, na misiba haina msimu. Kote huko simu zimeinuliwa juu. Bibi anaimba nyimbo za Kinyaturu ambazo mjukuu wake haelewi nusu yake. Mzee anasimama kwenye matanga na kuutaja ukoo hadi kwa mababu ambao makaburi yao hayajulikani tena. Yote yanarekodiwa. Kisha yanakaa ndani ya simu mpaka nafasi inapojaa, yanafutwa ili mapya yaingie, au simu inaibwa mnadani. Picha za video za kiwango cha 1080 huweza kula takriban megabaiti 130 kwa dakika, maana yake saa moja ya msiba inakaribia gigabaiti 8. Simu nyingi za kule haziwezi kubeba hata harusi mbili.

Tumezoea kulia kwamba historia yetu haikuandikwa. Hii ya leo imerekodiwa, nasi tunaiacha ifutwe mbele ya macho yetu.

Namfahamu kijana wa huko anayehariri video za sherehe kwa kompyuta mpakato ya mtumba: RAM gigabaiti 4, diski ya zamani ya kuzunguka, betri iliyokwisha kufa, hivyo umeme ukikatika na kazi imekatika. Katika mafunzo fulani niliyohudhuria kama msikilizaji, mkufunzi alimwambia mbele ya wenzake kwamba kwa mashine ile asijisumbue, atafute ya kisasa. Ukumbi ukacheka. Kabla sijaugusa utovu wa adabu wa kauli ile, niseme kwamba ilikuwa mbovu kitaalamu.

Mashine dhaifu hukwama kwa sababu inayoeleweka. Simu za siku hizi hubana picha mno: fremu nyingi hazihifadhiwi nzima, huhifadhiwa tofauti tu kati ya fremu na zile zinazoizunguka, na prosesa lazima ifumbue fumbo hilo kila unapovuta mshale mbele au nyuma. Dawa yake ni ya siku nyingi. Programu huria kama Kdenlive na Shotcut, ambazo hazilipiwi hata senti, hutengeneza nakala nyepesi za picha zako. Unakata na kuunga kwa kutumia nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu hurudi yenyewe kwenye picha halisi. Ukitaka kukata tu bila madoido, Avidemux hukata bila kuisindika picha upya, na kazi ya saa nzima huisha kwa dakika chache. Rekodi kwa 1080, achana na 4K yenye nukta mara nne zaidi, kwa maana bwana harusi ataitazama kwenye simu. Toa kazi vipande vipande, ili umeme ukikatika upoteze robo tu. Ukipata fedha kidogo, usinunue kompyuta mpya. Toa diski ya kuzunguka utie ya SSD. Mafunzo yote ya siku ile yangeweza kuwa hayo, na yule kijana angerudi Ilongero na kitu mkononi.

Anayedhani nasimulia nadharia atazame Kampala. Katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200, akihariri kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Leo filamu hiyo inatazamwa dunia nzima. Lakini kipo kisa ambacho wanaomsifu hukipita haraka: diski yake haikuwa na nafasi, ikambidi afute filamu ile ili atengeneze nyingine. Kilichookoka ni nakala ya DVD, nayo tayari ilikuwa na sauti ya mchekeshaji, VJ Emmie, iliyowekwa juu ya picha. Ile ya awali, bila sauti hiyo, haipo tena. Udhaifu wa mashine haukumzuia kutengeneza filamu. Ukosefu wa diski ya kuhifadhia ndio uliomnyang'anya kazi yake. Waandishi wa maandiko ya miradi wanaoomba studio wakumbuke hilo kabla ya kujaza safu ya bajeti.

Sisi wenyewe tulikuwa na mwanzo mzuri. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, nayo ilimpiga picha mkulima kama mfano wa kuigwa. Mkulima hakushika kamera, wala asingeweza, kwa bei ya filamu za wakati ule. Bei hiyo imekufa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili sanifu. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwongozo wa kuhariri video kwa Kiswahili, ulioandikwa kwa ajili ya mashine ya gigabaiti 4, uko wapi? Tunafundishia kwa programu za kulipiwa ambazo mwanafunzi huzipata kwa kuziiba, kisha tunashangaa akihitimu hana alichoondoka nacho. Wanataaluma wenzangu, hili ni letu, tusimtupie Waziri.

Ya Serikali nayo yapo. Tunawahimiza vijana wajiajiri kidijitali, huku Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zikimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Ada zimepunguzwa baadaye, lakini waliofunga kwa woga hawakurudishiwa ujasiri wao. Mwaka 2021 Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondolewa kwenye simu janja, vishikwambi na modemu; mwaka uliofuata msamaha ukafutwa kwa hoja kwamba bei hazikushuka. Kama mfanyabiashara alikula msamaha, kwa nini aliyeadhibiwa ni mnunuzi?

Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imejengwa juu ya kikundi. Kikundi kinafaa kwa bodaboda na ufugaji. Uhariri ni kazi ya mtu mmoja, usiku, mbele ya kioo kimoja. Yule kijana afanyeje, akodi wanachama?

Ninyi maafisa mnaosoma hapa, najua mpo. Makala ya mafanikio ya halmashauri yenu mwaka jana ilihaririwa na nani, naye alitoka mji gani? Na zile kompyuta zenu zinazorundikwa stoo? Windows 10 ilifikia ukomo wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi mashine nyingi za kabla ya kizazi cha nane cha Intel. Nyingi ya hizo mtakazoziita chakavu zina nguvu kuliko ile iliyochekwa ukumbini. Zikitiwa Linux na diski mpya, kumi kati yake zinatosha kuanzisha chumba cha uhariri katika shule ya kata, na pembeni kabati lenye diski mbili za nje: moja ya kazi, nyingine ya akiba, zisilale chini ya paa moja. Taratibu za kufuta mali za umma mnazijua kunizidi. Mnajua pia kwamba mnadani wanunuzi ni walewale.

Wanafunzi wangu wa Singida nao nawapa kazi isiyo na alama. Mkienda likizo bebeni diski moja. Nakilini video za bibi na babu kutoka kwenye simu za nyumbani kabla ya kuhariri chochote, andikeni katika jina la faili tarehe, kijiji na nani anaongea, na asiyetaka aonekane mtandaoni aheshimiwe. Anayekwama na nakala nyepesi aniandikie, aseme ana RAM kiasi gani.