Ukisafiri, Laini Yako Muachie Mwenye Kifua

Msimu wa harusi ukikaribia, wengi wetu tunapanda ndege kwenda Dubai kutafuta vitambaa na dhahabu; wengine tunakwenda Umra. Na malalamiko ni yale yale: ama mpaka hina kazima simu wiki nzima huku bibi harusi aliyekwishatoa arubuni anahaha, ama simu imeachwa wazi ugenini na salio limekwisha siku ya kwanza.

Sisi tunaona yote mawili si sawa. Aliyekupa arubuni ana haki ya kujibiwa, na kumwaga pesa kwa simu ambayo mtu wa nyumbani angeijibu ni israfu.

Njia nafuu ni kuelekeza simu zote kwenye namba nyengine kabla hujaondoka. Piga **21*, andika namba hiyo, malizia na #. Ukirudi, unaondoa kwa ##21#. Lakini namba iwe ya hapa nyumbani. Anayeelekeza ndiye anayelipia kipande cha pili cha simu: ikiwa ni ya hapa, unalipa kama uliyepiga hapa, ikiwa ni laini uliyonunua Dubai, unalipa bei ya kimataifa kwa kila anayekutafuta, hata aliyekosea namba. Acha salio, na iulize kampuni yako kama laini yako inaruhusiwa na kwa bei gani.

Usichague ile ya kuelekeza simu zisizopokelewa tu. Ukiwa nje, simu inaweza kukufuata huko kisha ikarudi nyumbani, ukatozwa mara mbili. Kumbuka pia kuwa ujumbe mfupi hauelekezwi, na kwamba Dubai simu za WhatsApp zimefungwa. Tumia ujumbe wa sauti kwa Wi-Fi ya hoteli.

Kubwa zaidi ni nani wa kumwachia. Simu za mwanamke hubeba posa, mahari, madeni na siri za wateja. Hiyo ni amana. Asipewe shoga kwa sababu tu yupo karibu. Apewe dada, wifi au somo mwenye kifua, anayejua kusema "hayupo, nitamfikishia" bila kudadisi.

Na mtu usiyemjua akikupigia akakuomba ubonyeze **21* na namba yake, kata. Huyo anataka simu zako ziende kwake.

Safari njema, na mnaoolewa Allah akutilieni baraka.