Informatiki ya serikali si masomo ya kupiga mashini

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakitoka, mu nyumba za wafanyakazi wa migodi kunakuwa swali moja: mutoto atasoma nini, na atasomea wapi? Mwenye iko na feza anawaza chuo kikubwa cha Lubumbashi ao cha inje. Mwenye hana anamwandikisha mutoto mu instituti ndogo ya serikali yenye iko karibu na nyumba, mu informatiki ya jestio. Kiisha majirani wanaanza kumucheka: «Ile ni masomo ya kupiga mashini. Atamalizia mu kibanda ya fotokopi.»

Mimi ni mutu wa sendika. Nilifika paka ku diploma ya Serikali, sikuvuka pale. Lakini miaka mingi niko natumika mu mugodi na kutetea wenzangu, na kuko kitu moja yenye inanisukuma kuandika: leo vita ya mushahara inapiganwa ndani ya kompyuta, na sisi hatuna watu mule.

Angalieni vile kazi inaenda. Zamani karani alikuwa anaandika masaa mu kitabu. Ukiona makosa unaenda ku bilo, kitabu inafunguliwa, munaangalia wote wawili. Leo unapitisha beji ku mulango, mashini inaandika dakika. Lori za mugodini ziko na GPS, wakubwa wanajua iko fasi gani na imebeba tani ngapi. Masaa, tani, mapumuziko, siku za ugonjwa, yote inaingia mu programu, na mwisho wa mwezi inatoka fishi ya mushahara.

Sheria ya kazi ya inchi yetu inasema masaa 45 kwa juma. Kupita pale, masaa 6 ya kwanza yanaongezwa 30%, yenye kufuata yanaongezwa 60%, na siku ya mapumuziko ya juma inaongezwa 100%. Mudelege wa sendika anajua hii kwa kichwa. Lakini nani aliifundisha ile programu hesabu hii? Na nani ku upande wetu anaweza kuangalia kama iliifundishwa muzuri?

Mu kampuni moja, jina sitataja, watu wa zamu ya usiku walikuwa wanalalamika kwamba feza yao inapungua kidogo kidogo. Tulienda ku bilo mara tatu. Mara tatu jibu lilikuwa moja: «Mashini njo inahesabu.» Mutoto wa mwenzetu mumoja alikuwa anasoma informatiki mu instituti ya serikali. Alikamata fishi za watu 40, akaziandika mu tablo ya Excel, siku mbili tu. Akatuonyesha: zamu yenye inaanza siku ya posho magaribi na kuisha siku ya Mungu asubui, programu ilikuwa inaihesabu yote kama siku ya posho. Saa zenye zilivuka katikati ya usiku, zenye zilipaswa kulipwa na 100% juu, zilipotea. Tulirudi ku bilo na ile tablo mu mukono. Siku ile hakuna mwenye alisema tena mashini njo inahesabu. Watu walilipwa.

Tangu pale nilimuuliza yule kijana wanafundishwa nini. Alinielezea: algoritmu, mabesi ya data, mitandao, hesabu ya kampuni, statistiki. Wanasoma pia metode ya Merise, yenye ilitoka Ufaransa miaka ya 1970. Mbele ya kugusa mashini unachora kwanza: ni watu gani wanatumika, karatasi gani inatoka bilo gani na kuenda wapi, nani anaandika, nani anasaini. Mimi nilisikia na nikasema: hii njo kazi ya sendika kabisa! Mutu mwenye anajua kufuata karatasi kutoka mulango wa mugodi mupaka ku benki, ule ni mutu wa lazima kwetu.

Sasa niseme yenye kuuma. Mu instituti nyingi ndogo za serikali, mwalimu anaandika programu ku tablo na chaki, wanafunzi wanakopia mu kaye. Mashini ziko kidogo, zingine zimekufa. Umeme ukikatika, masomo ya pratiki yanasimama. Intaneti mwanafunzi anajinunulia megabaiti mu simu yake. Minervali inalipwa vipande vipande, silabusi nayo inapaswa kununuliwa. Tangu reforme ya LMD, lisansi ni miaka 3 fasi ya ile mitano ya zamani, graduat 3 na lisansi 2. Muda umepunguka, na mashini hazikuongezeka. Mutoto anatoka na diploma, na masaa yenye alikaa mbele ya kompyuta unaweza kuyahesabu ku vidole.

Hii inatendeka mu inchi yenye inatoa karibu 70% ya kobalti ya dunia. Batri ya ile kompyuta, kobalti yake inaweza kuwa ilitoka chini ya mitaa yetu ya Kolwezi. Na mutoto wa Kolwezi anajifunza kompyuta mu kaye.

Watanijibu: feza haina. Mimi nasema feza iko, na iko mu sheria. Code minier yenye ilirekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni ya mugodi kutosha 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Kampuni yenye inauzisha dola milioni 100, ile inafanya dola 300,000. Tena, ku redevance ya mugodi, 15% inaenda ku entité ya fasi ile, ni kusema komini, sekta ao sheferi. Tunaona inajenga ofisi, inapaka rangi. Salle moja ya mashini 50 na panneau za jua, na mutu wa kuzitengeneza zikiharibika, si kitu ya kushinda ile feza. Wale wanakaa ku meza ya kugawa, waombe hii. Na tukikosa kuwauliza, kosa ni yetu pia.

Kampuni nazo zifungue mulango ya staji. Sheria ya mwaka 2017 iliweka sous-traitance mu mikono ya Wakongomani. Muzuri. Lakini kama ile kampuni ya Mukongomani inaenda kutafuta fundi wa mitandao mbali na kuacha kijana mwenye alisomea kilometa tano na mugodi, wenyeji wanapata faida gani?

Na instituti zenyewe, kuko kitu zinaweza kufanya bila kungojea mutu. Kila mwaka wanafunzi wanaandika travail ya mwisho juu ya «sisteme ya kusimamia wagonjwa» ao «sisteme ya kusimamia stoki», kiisha kitabu inalala mu kabati, vumbi inakula. Wapeleke wanafunzi kwa wenye shida ya kweli. Kreseri anafika ku depo na mifuko yake, mizani inasema kilo zake, Metorex inasema teneur yake, na yeye hana alama yoyote mu mukono ya kulinganisha leo na jana. Besi ya data ndogo, bei, kilo na teneur ya kila siku, kooperative yake inaweza kuitumia. Sendika nazo ziko na mafaili ya wanamemba mu mabokisi. Tuwapokee, tuwaonyeshe fishi zetu.

Kuko wenye watauliza: kiisha masomo, kazi iko wapi? Ni ulizo la haki. Diploma peke yake haileti kazi, na kuko vijana wazuri mu ile vibanda ya fotokopi. Lakini wazazi wetu waliwaza kwamba Gécamines itabeba kila kitu, shule, hospitali, posho, mupaka mutoto akomae. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 walitoka na ile «départ volontaire», wengi na feza yenye haikumaliza miaka mingi. Kampuni haibebi mutoto wa mutu. Akili yenye iko mu kichwa yake njo inabaki wakati kampuni inafunga.

Kwa hiyo, wazazi, musione haya ya instituti ndogo ya serikali. Andikisheni watoto, wavulana na wasichana. Lakini kiisha kulipa minervali, ulizeni: mutoto wangu amekaa mbele ya mashini saa ngapi hii mwezi? Mukiuliza wengi, watapaswa kujibu.