Mikopo ya Stashahada Yawafikia Matabibu Watarajiwa

Katika mwaka wa masomo 2023/2024, Serikali kupitia HESLB ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya. Hatua hiyo ina uzito wa pekee kwa vyuo vidogo kama Chuo cha Sayansi za Afya Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, kilicho jirani na hospitali ambamo wanafunzi hujifunza kwa vitendo.

Stashahada ya utabibu huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi akikatiza masomo kwa kukosa ada, zahanati ya kijiji nayo hukosa tabibu.

Hata hivyo, mkopo ni deni linalorejeshwa. Kabla ya kuomba, mzazi na mwanafunzi wahakikishe kuwa chuo kimesajiliwa na NACTVET.