Kabla ya kumlaumu hakimu, tuulize ushahidi uko wapi

Kila mahakama za Mombasa, Shanzu, Kilifi au Malindi zinapomwachilia huru mshtakiwa wa kesi iliyovuma, maneno huwa ni yale yale. Barazani watasema hakimu amekula. Mitandaoni wataandika kwamba haki ya Kenya inauzwa kama samaki sokoni. Polisi watalalamika kuwa wao wanakamata na mahakama inafungulia. Na familia ya aliyedhulumiwa italia mbele ya kamera, na kilio chake ni cha haki.

Sisemi kwamba mahakama zetu hazina rushwa. Ipo, na tuendelee kuipigia kelele. Lakini nikizisoma hukumu zenyewe, mara nyingi naona kesi ilikuwa imeharibika kabla haijafika mezani pa hakimu. Iliharibika kituo cha polisi, nyumbani kwa mashahidi, na wakati mwingine katika kikao cha wazee. Hasira zetu zote tukimmwagia hakimu, hao wengine wataendelea na shughuli zao bila kuulizwa.

Tuanze na kazi yenyewe ya mahakama. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inataka mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kunyamaza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, inamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayedai. Kwa hivyo upande wa mashtaka ukishamaliza mashahidi wake, hakimu hujiuliza swali la kwanza: je, kuna kesi ya kujibu? Kama hakuna, mshtakiwa huenda zake nyumbani bila kutamka neno. Kama ipo, hupewa nafasi ya kujitetea, kisha huja swali la pili: hatia imethibitishwa kiasi cha kutobaki shaka ya maana?

Watu wengi hapa huteleza. Shaka ya maana si kila shaka ambayo wakili mjanja anaweza kuibuni. Jaji Denning wa Uingereza alilieleza hilo mwaka 1947, katika kesi ambayo mawakili wetu huitaja hadi leo: sheria haidai yakini kamili, na ikiwa uwezekano wa mtu kutotenda kosa ni wa mbali mno, ahukumiwe. Upande wa pili, Mahakama yetu ya Rufaa ilisema katika kesi ya Sawe, mwaka 2003, kwamba tuhuma hata ziwe nzito namna gani haziwezi kusimama mahali pa ushahidi.

Basi hakimu anapomwachilia mtu, mara nyingi hajatamka kwamba mtu huyo ni mwema, wala kwamba kosa halikutendeka. Amewaambia walioleta kesi: hamkuthibitisha. Na kipimo kimewekwa juu kwa sababu. Serikali ina polisi, ina maabara, ina mawakili wa kulipwa, ina jela ya Shimo la Tewa. Mshtakiwa wa kawaida ana mama yake nje ya korti, na pengine wakili aliyelipiwa kwa mchango wa jamaa.

Chukua mfano wa Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002, gari lenye mabomu lililipuliwa katika hoteli ya Paradise. Waliuawa Wakenya 10 na Waisraeli watatu. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwalaki wageni, watu waliokuwa kazini kutafuta riziki. Washtakiwa wanne wakafikishwa Mahakama Kuu kwa mauaji, na Juni 2005 wote wakaachiliwa. Jaji aliona ushahidi haukuwaunganisha na mlipuko ule.

Familia za waliofiwa zilibaki na makaburi bila jibu. Nani aliwakosea? Jaji hakuwa na ruhusa ya kuwafunga watu wanne kwa sababu tu msiba ulikuwa mkubwa na nchi ilitaka mtu wa kufunga. Waliowakosea ni waliokuwa na wajibu wa kuleta ushahidi na hawakuuleta.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Sheikh Aboud Rogo. Tarehe 27 Agosti 2012 alipigwa risasi hapa Mombasa akiwa garini na familia yake, huku akikabiliwa na mashtaka mengine mahakamani. Tarehe 1 Aprili 2014, Sheikh Abubakar Shariff, tuliyemjua kwa jina la Makaburi, akauawa nje ya mahakama ya Shanzu. Polisi walikana kuhusika. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo mawili.

Yako mengi waliyoyahubiri masheikh hao ambayo niliyapinga, na bado nayapinga. Lakini leo ukiniuliza kama Rogo alikuwa na hatia ya yale aliyoshtakiwa mwisho, sina jibu, na serikali pia haina. Risasi haiandiki hukumu yenye sababu. Aliyefyatua alilifunga jalada. Anayemwamini sheikh akabaki kusema ameuawa shahidi, asiyemwamini akabaki kusema amepata stahili yake, na mji ukaingia katika ghasia zilizoua watu na kufanya makanisa yashambuliwe. Kesi ingeendelea hadi mwisho, mmoja kati ya hao wawili angelazimika kusikia asichokitaka. Hiyo ndiyo faida ya mahakama, na hatukuipata.

Sasa tuangalie kesi huvunjikia wapi. Kwanza ni kukiri. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema maungamo hayapokewi kortini mpaka yawe yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye siye anayeipeleleza kesi, tena pawe na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Mpelelezi anayetegemea maneno aliyoyakamua kwa mshukiwa usiku, katika chumba kisichokuwa na mwengine, amejenga nyumba juu ya mchanga. Ikianguka kortini, lawama si ya hakimu.

Pili ni kumtambua mtu. Kuna kesi ya mwaka 1953, ya Abdalla bin Wendo, iliyoamuliwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 70 baadaye, mahakama zetu bado zinaitegemea. Inafundisha kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyedai kumtambua mshtakiwa lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa kama mazingira yalikuwa magumu. Shahidi mkweli kabisa anaweza kukosea. Usiku, taa hakuna, mwizi ana panga, wewe unatetemeka: umeona uso au umeona panga? Mpelelezi mzuri atauliza mwanga ulitoka wapi, mlikuwa umbali gani, mlimjua kabla ya siku ile, na jina lake lilitajwa katika ripoti ya kwanza kituoni. Maswali hayo yasipoulizwa mapema, wakili wa utetezi atayauliza kwa niaba yenu.

Tatu ni sisi wenyewe, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Mtoto ananajisiwa na jirani au jamaa. Wazee wa familia mbili wanaketi, fedha zinapita, inasemwa tusitiriane. Wakati huo kesi imekwisha funguliwa. Tarehe ya kusikilizwa ikifika mama haonekani, mtoto amepelekwa kwa nyanya yake mbali, simu zimezimwa. Kesi inaahirishwa mara moja, mara mbili, mwishowe inaanguka. Jioni ile ile, katika mtaa ule ule, utasikia hakimu amehongwa. Aliyepokea pesa anajulikana, na tunaswali naye safu moja.

Huku tukikataa kutoa ushahidi kortini, hatuoni tabu kutoa hukumu nje ya korti. Anayepigiwa kelele za mwizi sokoni hana muda wa kueleza simu ni ya nani. Kilifi, wazee wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya dai hilo pana shamba ambalo vijana wanalitaka. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wa kuwazaa. Mvi ndizo zimefanywa ushahidi. Tunao msemo wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo wa barazani. Ukiupeleka penye uhai wa mtu, unaua.

Kwa sisi Waislamu jambo hili lisingepaswa kuwa geni. Surat al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Surat an-Nur inamwadhibu anayewasingizia wanawake watwaharifu zinaa bila kuleta mashahidi wanne. Mafakihi wakaweka kanuni kwamba mzigo wa uthibitisho ni wa mdai, na kwamba adhabu za hudud huepushwa panapokuwa na shaka. Na kinasimuliwa kisa mashuhuri cha Sayyidna Ali, akiwa khalifa, aliyemshtaki raia asiye Mwislamu kwa kadhi Shurayh kuhusu deraya yake. Shahidi wake alikuwa mwanawe, kadhi akaukataa ushahidi wa mtoto kwa babake, na khalifa akashindwa kesi. Ilikuwa kesi ya mali, lakini funzo linatosha: mkuu wa dola hakupewa ushindi kwa sababu ya cheo chake, wala hakumtuma mtu kumvizia mshindi njiani.

Kanuni hii haina maana kama tunaidai kwa watoto wetu pekee. Baada ya Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wengi waliuliza Paul Mackenzie anapelekewa mashahidi wa nini tena. Wa kueleza nani alitoa amri, nani alilinda njia, nani alizika, na kila mtoto alikufa vipi. Ukikosa hayo utakuwa na mtu gerezani, lakini hutakuwa na ukweli, na rufaa inaweza kumtoa.

Ninayoyaomba ni machache. Polisi wakamate wakiwa na ushahidi, wasikamate kwanza ndipo waanze kuutafuta. Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iwe na ujasiri wa kurudisha faili bovu kabla mtu hajakaa rumande miaka. Mashahidi walindwe, na asiye na nauli ya kufika kortini asaidiwe. Wazee wakatae kuketi kikao chochote cha kuzima kesi ya mtoto aliyenajisiwa. Na mahakama ikishamwachilia mtu, tumwache aishi. Kama hatukuridhika, rufaa ipo, na upande wa mashtaka una haki ya kuikata.

Siku nyingine mtu akiachiliwa huru na hasira zikakupanda, tafuta hukumu uisome. Tazama ni shahidi gani hakufika, ni kielelezo gani kilipotea, ni swali gani mpelelezi hakuuliza. Majina ya waliotunyima haki mara nyingi yamo humo humo ndani.