Siku Tatu za Mwisho

Tulinunua fleti tukijua tumepata kwetu. Sisi wenye fleti 24 kwenye ploti moja ya Parklands, Nairobi, tulilipa mamilioni ya shilingi, wengine kwa mkopo wa benki, wengine kwa kiinua mgongo chote. Kila mwezi tunachanga pesa za mlinzi, za taka na za pampu ya kisima. Lakini muda wa ardhi iliyo chini ya nyumba hizi unayoyoma, na ruhusa ya kuuongeza hatuna.

Jumapili moja tulikutana penye maegesho, tukapanga viti vya plastiki katikati ya magari. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne alikuja na mkataba wake ndani ya bahasha ya kaki. Akavaa miwani, akatusomea: fleti ni yake kwa kipindi kilichobaki cha miaka 99 kuanzia 1 Januari 1930, kasoro siku 3 za mwisho. Akatuangalia mmoja mmoja. "Jamani, hizi siku tatu ni za nani?"

Ni za mwenye hati mama, yaani hati ya ploti nzima. Ndivyo fleti nyingi za Nairobi zilivyouzwa kabla sheria haijabadilika. Serikali ilikodisha ardhi kwa miaka 99, mjenzi akanunua muda uliobaki, akatukatia kila mmoja kipande chake na kujiwekea siku hizo chache. Fleti ya mwisho ikishauzwa, alipaswa kuzihamishia kampuni ya wakazi pamoja na hati yenyewe. Kwetu hilo halikufanyika. Alitukabidhi funguo, akafunga ofisi, na sasa simu yake haipatikani. Miaka 99 inatimia 31 Desemba 2028.

Sheria haikutusahau kabisa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyekuwa na ardhi hiyo, akiwa raia wa Kenya, haki ya kupewa nafasi ya kwanza muda ukiisha, mradi ardhi haihitajiki kwa shughuli za umma. Kanuni za 2017 zinaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi imwarifu mwenye hati ndani ya miaka 5 kabla ya muda kuisha. Ni kanuni nzuri. Ila barua huandikwa kwa jina lililo kwenye hati, na jina hilo si letu. Familia 24 zinalala humu, na hakuna hata moja itakayoandikiwa.

Tulipokwenda kuuliza kwenye ofisi inayohusika, tuliambiwa tulete hati asili, cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi na kingine cha kutodaiwa reti za kaunti. Hati hatuna. Malimbikizo ya kodi tuliyajulia pale dirishani, maana bili nazo zilikuwa zikienda kwa yuleyule mjenzi. Tukasema tutachanga tulipe deni lote. Tukaulizwa tunalipa kama nani.

Huku nyuma, ngoja ngoja inaumiza matumbo. Jirani wa ghorofa ya pili alipata mnunuzi, wakaelewana bei. Benki ya mnunuzi ikauliza muda uliobaki kwenye ardhi, na habari ikaishia hapo. Kuta ni imara, bomba zinatoa maji, rangi ni mpya, nyumba haiuziki.

Wengine hutushauri tubadilishe mikataba yetu chini ya sheria ya 2020 inayompa kila mwenye fleti hati yake. Tumeshukuru kwa sheria hiyo, na tunaipenda kwa sababu iliona mateso kama yetu: mjenzi asipotaka au asipopatikana, hata mwenye fleti mmoja anaweza kuanzisha mabadiliko hayo. Lakini hati mpya hurithi muda wa hati mama. Tukibadilisha leo bila kuongeza muda, kila mmoja atapata hati safi inayokufa siku ileile na ya zamani.

Basi tunachodai ni kidogo. Mlango uliofunguliwa kwenye kubadilisha hati ufunguliwe pia kwenye kuongeza muda. Notisi ibandikwe kwenye lango la jengo, isiishie kwenye sanduku la posta la mtu aliyetoweka. Wenye fleti wakija pamoja, mikataba yao iliyosajiliwa mkononi, wapokelewe, waonyeshwe deni, walipe, na maombi yao yasikilizwe.

Jumapili ile, mwalimu alirudisha karatasi zake kwenye bahasha, akaikunja pembe taratibu kama mtu anayehifadhi shahada. Alifundisha miaka yake yote ili awaachie wajukuu mahali pa kulala. Swali lake bado halijajibiwa, nasi tunalijibu kwa niaba yake: siku hizo tatu tulizilipia. Ni zetu.