Mtungi wa Georgia haukuuawa na soko la dunia

Kila utandawazi unapotajwa kando ya mvinyo wa jadi, husikika madai yale yale. Nayapima kwa Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, ambako vigae vya kale vimeonyesha kuwa zabibu zilikuwa zikigeuzwa mvinyo miaka 8,000 iliyopita.

Dai la kwanza ni kwamba soko la dunia ndilo linaloua ufundi wa jadi. Georgia inalikanusha. Mvinyo wa huko hutengenezwa ndani ya kwevri, mtungi mkubwa wa udongo wenye umbo la yai, uliopakwa nta ya nyuki kwa ndani na kufukiwa ardhini hadi shingoni. Zabibu zikishakamuliwa, maji yake humiminwa humo pamoja na maganda, kokwa na mara nyingi hata vikonyo, kisha mtungi hufunikwa kwa miezi mitano au sita. Zabibu nyeupe hutoa mvinyo wa rangi ya kaharabu, wenye ukakasi kama wa chai ya rangi iliyokolea. Vilivyousukuma ufundi huu pembeni ni viwanda vya Kisovieti, vilivyotaka mvinyo mwingi wa zabibu za aina chache. Kaya za vijijini ndizo zilizouhifadhi, zikitengeneza mvinyo wa kunywa nyumbani. Na wakati huo mipaka ilikuwa imefungwa kwelikweli.

Wengine husema soko likipanuka, mdogo ndiye anayeumia. Kilichowaumiza Wageorgia ni soko finyu. Mwaka 2006 Urusi, mnunuzi wao mkuu, ilipiga marufuku mvinyo wao kwa madai ya ubora. Wageorgia waliona ni siasa. Mlango ulifunguliwa tena 2013. Katikati ya miaka hiyo ilibidi watafute wanywaji Ulaya, Marekani na Asia, na huko kwevri ndiyo iliyowatofautisha na wengine. Josko Gravner, mtengenezaji wa Friuli nchini Italia, alikuwa ameshaagiza mitungi kutoka Georgia, akaifukia kwake na kuitumia tangu mavuno ya 2001. Mwaka 2013 UNESCO nayo ikaingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kwamba zabibu za Kifaransa zitameza za wenyeji, hofu hiyo ina msingi kwingineko. Georgia ina aina zaidi ya 500 za asili, na mbili kati yake, Saperavi na Rkatsiteli, bado ndizo zinazotawala mashamba.

Dai ninalolipinga kwa nguvu zaidi hutoka upande wa pili: eti soko limeshaiokoa kwevri, tulale. Hapana! Mvinyo mwingi wa Georgia bado hutoka kwenye matangi ya chuma, na zaidi ya nusu ya mauzo ya nje imerudi Urusi, kule kule kulikowatia hasara. Wafinyanzi nao ni familia chache. Kwevri hujengwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kwa wiki kadhaa, kisha huchomwa kwa siku nyingi; ikipasuka tanuruni, kazi yote imepotea. Wanunuzi wa nje wanaosifia chupa wawalipie vijana mafunzo ya kufinyanga.