Mtandao Ukijaa, Nani Angoje?



Saa mbili usiku hapa kwetu Ruiru, waifai ya ploti inakwama. Juzi dada mmoja jirani alikuwa anatuma kazi ya chuo, ukurasa ukazunguka mpaka muda ukapita. Chumba cha pili, jamaa anapakua filamu kumi kwa mpigo. Wote wanalipa pesa sawa kila mwezi. Hiyo ni haki kweli?

Usiseme tu "mtandao umelala." Kuna kanuni inayoamua nani angoje.

Oktoba 1986 huko Marekani, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley ilijaa mpaka mwendo ukashuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson akaleta dawa: kompyuta ikiona data inapotea njiani, ipunguze mwendo. Dawa hiyo imesaidia intaneti isizame hadi leo. Lakini ina tundu. Inagawa kwa kila muunganisho, sio kwa kila mtu. Wewe ukifungua mmoja na mwenzako 20, yeye anabeba mafungu 20. Ni kama foleni ya maji: wewe una mtungi mmoja, yeye amepanga 20.

Kuongeza nafasi pekee hakutoshi. Thika Road ilipanuliwa, ikafunguliwa 2012, na bado tunakwama Githurai. Hata Starlink, Novemba 2024, ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani, Kiambu yetu ikiwemo, kwa sababu ilijaa.

Utaniambia anayelipa zaidi apate zaidi. Sawa. Mimi nazungumzia waliolipa sawa.

Kwa hivyo muulize anayekuuzia waifai: Laini ni Mbps ngapi? Tunagawana nyumba ngapi? Kwenye ruta, umegawia kila mteja fungu lake, ama umetuacha tunyang'anyane? Ruta kama za MikroTik zina mpangilio huo tayari. Watu wakiwa wachache, aliyepo atumie yote. Wakijaa, kila mmoja apate sehemu yake. Hahitaji kununua laini mpya.

Na wewe wa filamu kumi, pakua usiku wa manane.

Usilalamike peke yako chumbani. Andika hayo maswali kwenye grupu ya ploti leo, na majirani waulize pamoja nawe.